Punje ya Doto

Daftari la Mwasiti binti Sabiti lilikuwa na majina thelathini. Chungu chake nacho kila asubuhi kilikuwa na punje thelathini za mahindi. Lakini kila alipoinua macho kuwatazama watoto wenyewe, walioketi mbele yake juu ya magogo, aliona ishirini na tisa. Alitazama tena. Ishirini na tisa. Basi mwanamke wa watu alikuwa akifunga daftari, akifunika chungu na kujifanya hakuona, maana kichwa ni kimoja na mambo yalikuwa mengi.

Tusimcheke upesi. Mwasiti hakuwa mjinga. Alizaliwa Kahama mjini, binti wa karani wa boma la Wajerumani, Mmanyema aliyeoa Mnyamwezi. Baba alikuwa bado hajapata mtoto wa kiume, basi akamfundisha binti yake herufi za Kiarabu na za Kizungu ili elimu isiozee ndani. Mdogo wake wa kiume alipozaliwa, masomo yakaisha siku ile ile. Akaolewa na Zamoyoni, mchuuzi wa chumvi, wakakaa miaka tisa bila mtoto. Siku ya talaka, karatasi aliiandika mwalimu wa chuo, na aliyeisoma kwa sauti alikuwa Mwasiti mwenyewe, kwa kuwa Zamoyoni hakujua hata alifu. Alisoma mpaka mwisho bila kukosea, kisha akafunga mizigo yake.

Akarudi nyumbani kwa mdogo wake yule yule. Akapewa pa kulala kwenye ghala kando ya jiko, katikati ya magunia ya karanga, na wifi akawa anapita mlangoni akisema na ukuta: "Wengine wanakula tu kama panya." Mwasiti alikaa humo miaka mitano. Ukitaka kujua kwa nini baadaye aliandika alichoandika, likumbuke lile ghala.

Mwaka 1935 ndipo alipoitwa bomani. Huko magharibi, njia ya kwendea Bugarama, serikali ilikuwa imewahamisha watu kutoka vijiji vya porini kwa sababu ya malale, ikawakusanya mahali pamoja palipofyekwa msitu. Wasumbwa, Wasukuma na Wazinza walijikuta ua kwa ua, na penye wengi pana mengi. Shule ilijengwa, ila mwalimu wake alilalamika kwamba wanaoanza hawajui neno la Kiswahili. Akisema "kaeni" wanasimama, akisema "simameni" wanakwenda nyumbani. Ikaamriwa liwepo darasa la watoto wadogo wafundishwe Kiswahili kwanza. Hakuna mwanamume aliyetaka kukaa na vitoto vya kufutwa makamasi. Mwasiti alitaka, tena alitaka sana.

Lakini barua ya boma iliyompa kazi ilikuwa na mkia. Mkia wenyewe ulisema: karani atakuja baada ya mavuno kuhesabu watoto, na wakiwa chini ya thelathini, darasa litafungwa na mwalimu arudi kwao. Kwao ni wapi? Ni kwenye magunia ya karanga.

Basi akafungua daftari lake chini ya kibanda cha nyasi, akaanza kuandikisha. Daftari lilitaka jina, umri, kabila, dini na jina la baba. Siku ya kwanza Mwasiti alidhani ni mambo rahisi.

"Mtoto ana miaka mingapi, mama?"

"Alizaliwa nzige walipokuja."

"Nzige wa kwanza au wa pili?"

"Wale waliokula mtama."

"Wote walikula mtama."

"Basi hao hao."

Akaandika sita. Kwenye kabila akaambiwa baba ni Msumbwa, mama ni Mzinza, na mtoto amenyonya kwa mama mdogo aliyeolewa Usukumani. Akauliza dini, akajibiwa: "Ya baba yake." Baba yake ni dini gani? "Baba yake yuko Geita, anachimba dhahabu." Mwasiti alitafuna ncha ya kalamu. Nafasi ya dini ilikuwa na upana wa vidole viwili tu, akaandika "Geita", akasema atarekebisha. Hakurekebisha kamwe.

Kubwa kuliko yote lilikuwa lile la kuhesabu. Alipomnyoshea kidole mtoto wa kwanza aseme "mmoja", mama yake alimshika mkono. Huku hata ng'ombe hawahesabiwi kwa kidole, itakuwa mtoto? Anayehesabiwa hupungua. Mwasiti aliwaza, akaleta chungu: kila mtoto aje na punje moja ya mahindi, aitumbukize mwenyewe, na yeye mwalimu atahesabu punje, hatahesabu mtu. Akina mama walitazamana, wakakubali. Punje ikipungua si msiba.

Siku ya tatu jioni alikuwa na watoto ishirini na wanane, na milango yote alikwisha kuigonga. Ndipo akaja mwanamke mwembamba aitwaye Limi, mke wa Maduhu. Maduhu naye alikuwa Geita, kama wanaume wote waliokuwa na miguu.

"Mwangaluka, mwalimu," alisema Limi, ingawa jua lilikuwa linazama. Alikuwa ameiandaa salamu hiyo ya asubuhi tangu alfajiri akikosa ujasiri wa kuja. "Nimeleta mabasa wangu. Pacha. Kulwa na Doto, wasichana."

Moyo wa Mwasiti uliruka. Ishirini na wanane na wawili! Hata hakuinua uso. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Kulwa binti Maduhu. Doto binti Maduhu. Akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti, kisha akatazama.

Alisimama msichana mmoja wa miaka kama sita, na mgongoni amebeba kibuyu kidogo kilichofungwa kwa ngozi ya mbuzi, na shingoni mwa kibuyu kuna ushanga mweupe.

"Doto yuko wapi?"

Limi akaonyesha kwa kidevu. "Huyo."

"Mama, hiki ni kibuyu."

"Ndiyo," alisema Limi, kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua ni maji.

Limi akasogea, akashusha sauti ili Kulwa asisikie. Doto aliondoka mwaka juzi kwa homa, alisema. Hawakulia. Pacha akiondoka haliliwi, maana wakilia, mwenzake humfuata. Ndiyo maana kibuyu kinashika nafasi yake: Doto anatengewa tonge, analala na mwenzake, anafunikwa akipigwa na baridi.

"Kulwa akija shule peke yake," alisema Limi, "atajua kwamba yuko peke yake. Naogopa hilo, mwalimu. Niandikie wote wawili."

Mwasiti alinyanyua kalamu afute. Kalamu ikakaa hewani. Akamtazama Limi, akaitazama ile namba thelathini, akaishusha kalamu bila kufuta. Na hapo ndipo palipomchanganya miaka yote iliyofuata: je, alimwacha Doto kwa ajili ya huruma au kwa ajili ya thelathini? Kuna siku alijiapia kwamba ni huruma. Kuna siku aliona aibu mpaka akashindwa kula.

Kesho yake alikwenda kwa mwanangwa Bujiku, mkuu wa makazi yale, akamkuta anakuna mgongo kwa gunzi la hindi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti Sabiti. Sema."

Akasema yote. Aandike au afute? Aliyekufa anaandikwaje darasani?

"Nani amekwambia amekufa?" aliuliza Bujiku.

"Nimeona kibuyu, mzee."

"Umeona kibuyu. Umeona maiti?"

"Hapana."

"Umesikia kilio?"

"Hapana, mzee, lakini..."

"Basi hujui kitu." Akaendelea kujikuna.

Mwasiti akageuza maneno, akamwomba basi angalau mjukuu wake, Mageni, aje darasani, wawe thelathini wa kuonekana. Mzee akaacha kujikuna. Alikuwa na watoto saba, alisema, zama za Wajerumani. Akaja mtu na kitabu, akawahesabu kwa kidole mmoja mmoja. Ikaja vita, ikaja njaa, ikaja homa ile ya baada ya vita, akabaki na mmoja, na huyo mmoja ndiye mama yake Mageni. "Mageni hataingia katika kitabu chochote," alisema. "Siku njema."

Mwasiti alikwenda na swali moja, akarudi na matatu.

Darasa likaendelea. Kila asubuhi Kulwa alitumbukiza punje mbili: ya kwanza akisema "yangu", ya pili akisema "ya Doto". Aliketi pembeni mwa gogo akimwachia mwenzake nafasi, na watoto wengine walipokosa pa kukaa walibanana huko na huko bila kuigusa nafasi ile. Hakuna aliyecheka. Aliyekuwa anaona ajabu katika kibanda kile alikuwa mwalimu peke yake, na mtu akiwa peke yake katika kushangaa, mwisho huanza kujishangaa mwenyewe.

Siku moja Kulwa alikuja mgongo mtupu.

"Doto yuko wapi?" aliuliza Mwasiti, kabla hajajizuia.

"Anaumwa, mwalimu. Amepasuka hapa. Mama anampaka nta."

"Mpe pole," alisema Mwasiti, akaandika kwenye daftari: hayupo. Jioni akalitazama neno lile akacheka mpaka machozi, kisha akaacha kucheka. Ikiwa leo ameandika hayupo, siku nyingine zote ameandika nini?

Na Kulwa alikuwa na akili, tena nyingi. Ndiye wa kwanza kusema sentensi nzima ya Kiswahili bila kukwama. Ila kila akisifiwa alisema: "Doto ndiye amenikumbusha." Akipewa kiazi, anakigawa. Akiulizwa jina lake, anajibu majina mawili. Mwasiti alianza kumpenda kwa namna iliyomtisha, maana hakuwahi kupenda mtoto ambaye angeweza kumpoteza. Akawa anampenda na kumfundisha na kumdanganyia serikali, yote kwa pamoja, na hakujua lipi linaanza na lipi linaishia wapi.

Mavuno yakapita. Karani akaja kwa baiskeli. Jina lake Pantaleo, kijana wa misheni ya Ushirombo, shati limenyooka, adabu anayo.

"Shikamoo, mama mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akina mama walikuwa wamesikia, wamejaa nyuma ya kibanda. Hata Bujiku alikuja, akaketi kwenye kigoda chake mbali kidogo, kama mtu aliyepita njia. Pantaleo akalisoma daftari, akatabasamu alipofika kwenye dini iitwayo Geita, akahesabu majina. Thelathini. Mwasiti akamsogezea chungu, akamwaga punje juu ya ungo. Thelathini. Akaanza kuamini kwamba mambo yatapita.

"Vizuri," alisema Pantaleo. "Ila mimi sikutumwa kuhesabu mahindi, mama." Akageuka akawatazama watoto. Hakunyosha kidole, alikuwa mwenyeji naye. Alihesabu kwa macho, midomo ikitikisika kidogo. Akarudia. "Ishirini na tisa."

Akaanza kuita majina. Kila aliyeitwa alisimama na kuketi.

"Kulwa binti Maduhu."

"Nipo."

"Doto binti Maduhu."

Kulwa akasimama tena. Akakishika kibuyu kwa mikono miwili, akakiinua juu ya kichwa chake ili karani aone vizuri. "Yupo."

Pantaleo alikitazama kibuyu. Alikuwa mtoto wa huku huku. Alijua anachokiona, wala hakuuliza. Ila alikuwa na kalamu ya boma mfukoni, na jina lake ndilo litakaloandikwa chini ya hesabu ile. Akainama kwa Mwasiti, akasema polepole, kwa huruma kabisa: "Mama, huyu siwezi kumpeleka bomani. Futa jina. Nitaandika kwamba umekosea tu, sitasema zaidi."

Mwasiti akapewa kalamu. Akifuta, wanabaki ishirini na tisa, darasa limekufa. Asipofuta, ni mwongo, na darasa limekufa vile vile. Alijua hayo, lakini siyo yaliyomzuia mkono. Kilichomzuia ni kwamba Kulwa amesimama pale, na hakuwahi kuambiwa. Mtu anamwambiaje mtoto kwa kuchora mstari?

"Mwalimu," alisema Kulwa, "kama mmoja hatakiwi, nifute mimi. Doto abaki. Mimi nitakaa nje nisikilize."

"Nyamaza!" Ilikuwa sauti ya Limi. Alipita katikati ya wenzake akaingia kibandani, akapiga magoti, akamshika mwanawe mabega. "Usiseme hivyo! Usijitoe! Nani amekufundisha kujitoa?"

"Mmoja tu ndiye hatakiwi, mama."

Limi alimtazama. Miaka miwili alikuwa amemficha mtoto huyu kifo cha mwenzake ili asimfuate, na sasa anamwona anakwenda mwenyewe, kwa hiari, tena kwa upole, kama anayempisha mtu njiani. Akakitwaa kile kibuyu, akakikumbatia kifuani. Akasema mbele ya watu wote, kwa Kiswahili, ili boma nalo lisikie:

"Doto amekufa. Alikufa mwaka juzi. Mfute Doto."

Halafu akalia. Hakulia kwa adabu. Alilia kilio cha msiba, cha kutupa mikono, na wanawake wote wakatetemeka kwa sababu ya Kulwa. Kisha mmoja akajiunga, na wa pili, na kibanda kizima kikawa matangani. Watoto wakalia kwa kuwa mama zao wanalia. Mwasiti alichora mstari mmoja mwembamba juu ya jina, na wino ukaenda upogo kwa kuwa haoni.

Siku ile kibuyu kikazikwa nyuma ya nyumba ya Limi. Watu walileta mtama na kuni kama msiba wa jana, wakaketi mpaka jua kuzama. Mwasiti alikaa na wanawake, amejifunika kanga, hajui aombe dua gani wala kwa ajili ya nani. Pantaleo, ambaye angeweza kuondoka na baiskeli yake, alikaa na wanaume. Alikuwa bado hajaandika hesabu.

Kulwa hakulia. Aliketi mlangoni akitazama kila mtu. Hilo likawaogofya wote.

Jua lilipoinama Bujiku alisimama kutoka kwenye kigoda. Alikwenda kwake, akarudi amemshika mkono msichana mwenye macho makubwa, Mageni. Akamsimamisha mbele ya Mwasiti.

"Huyu mwanamke," alisema, akimwonyesha Limi kwa kidevu, "amesema kwa mdomo wake jambo lisilosemwa, ili mtoto wake aliyebaki abaki. Na mimi mzee mzima naogopa karatasi." Akakohoa. "Mwandike. Ila usimnyoshee kidole."

Mwasiti akamwandika. Pantaleo akatia hesabu yake: watoto thelathini, darasa liendelee. Akaondoka kesho yake kabla ya umande kukauka.

Asubuhi ile Mwasiti aliwahi kibandani kuliko siku zote. Aliweka chungu mahali pake, akaketi, na moyo ulimpiga kama wa mwizi. Walikuja mmoja mmoja. Mageni alikuja na babu yake, akatumbukiza punje, mzee akafumba macho ilipolia chini ya chungu. Mwasiti alikuwa hatazami. Alikuwa anatazama njia ya kwa Limi, na njia ilikuwa tupu. Alijiambia: ikiwa hatakuja, ni mimi niliyefuta.

Kulwa akatokea. Alitembea polepole, mgongo mtupu, mkono mmoja ukiwa bado umepindwa nyuma kana kwamba umeshikilia kitu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba sana."

Akafika kwenye chungu. Akafungua kiganja. Akatumbukiza punje moja, asiseme neno. Akasimama kidogo. Akatumbukiza ya pili.

Akaenda kuketi kwenye gogo, pembeni, akaiacha nafasi. Mageni alikuwa hajui bado. Akaja kuketi hapo hapo. Watoto wote wakageuka. Kulwa akamtazama, akasogea kidogo, akampisha.

Mwasiti alifundisha watoto wadogo mahali pale kwa miaka mingine minane, na ghala la karanga hakurudi tena. Waliomjua wanasema alikuwa mwalimu mzuri lakini mwenye mashaka. Alikuwa akiulizwa ana watoto wangapi anasita, anatazama juu, kisha anajibu. Wakadhani ni hesabu imemshinda.

Asubuhi ile ya kwanza ya Mageni, watoto walipokuwa wakiimba, aliinamia chungu akahesabu. Thelathini na moja. Akawatazama watoto: thelathini. Akatazama daftari: thelathini, na jina moja lenye mstari. Akaingiza mkono aitoe ile iliyozidi, akagundua kwamba hajui ni ipi, zote ni mahindi. Akautoa mkono mtupu, akaandika thelathini, akafunika chungu.